Lundo la mavi siku ya salongo

Jumatatu, katika biro moja hapa Bunia, nilimuona mama wa Kasenyi akifungua kitambaa juu ya meza ya agronomu, mtaalamu wa kilimo. Ndani mulikuwa udongo mweusi na minyoo mitatu ikijinyonganyonga.

"Shamba yangu ilikufa," alisema. "Wachuuzi wa samaki walikuwa wanamwanga maji ya chumvi mule. Nikatia mavi ya ngombe na maganda ya kahawa. Minyoo ikarudi, maharagi ikaota. Sasa munaniambia nichome lundo yangu siku ya salongo?"

Agronomu alisukuma kitambaa kwa ncha ya kalamu. "Mama sitwayeni, salongo ni kazi ya usafi ya watu wote. Ile ni uchafu. Choma, kisha utie angre, mbolea ya duka."

"Angre yenu iko chumvi tena! Weye ulishafika kwangu kuona?"

Agronomu aliutupa udongo na minyoo yake dirishani.

Nilitoka na hasira. Kila Jumamosi ya salongo tunalazimishwa kuchoma chakula cha udongo, tena na watu waliosomea udongo! Chini ya dirisha, maua ya biro yalikuwa yamekauka kwenye kiwanja kilichofagiliwa bila kubakiza jani. Agronomu alikuwa bado kwenye kiti. Pale udongo ulipoangukia, minyoo ilikwisha kuanza kazi.