Tumbawe la Mke wa Mwashi

Mwashi yule alistaafu kwa sababu ya magoti, si mikono. Mikono bado ilikuwa inamwasha. Miaka arobaini alijenga kuta za watu, na sasa kutwa yuko sebuleni, anatazamana na tangi la samaki la mkewe. Mkewe naye aliosha vyombo vya maabara ya shule mpaka akazeeka, akaondoka na ujuzi wa kuwashinda baadhi ya walimu, na lile tangi la maji ya chumvi alilitunza kama mboni ya jicho lake.

Siku alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, aliacha agizo moja.

"Baba Watoto, samaki wape chakula asubuhi. Mengine usiguse. Nasema usiguse!"

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto angesikia."

Alikuwa akae siku kumi kwa mdogo wake, karibu na hospitali. Siku ya tatu tu, fundi akaona utando wa kijani kwenye kioo. Ukuta mchafu mbele ya mwashi! Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akachukua mwiko wake wa kazi, akausuuza, akaanza kukwangua. Mwiko ukateleza, kah! Tumbawe la kijani, lile gumu lenye vinywa vingi ambalo mama wa watu alikuwa nalo mwaka wa tisa, likameguka kipande kizima.

Lo! Jasho lilimtoka kama yuko kwenye zege. Na unadhani aliwaza nini kwanza? Saruji! Tena aliikoroga kabisa, kwenye bakuli, ndipo akakumbuka kwamba mle ndani mna viumbe, si msingi wa choo. Akaimwaga. Kipande akakilaza juu ya jiwe tangini, na chembe moja iliyodondoka sakafuni akaitia mfukoni. Kisha akampigia simu shemeji yake.

"Shemeji, nimevunja lile tumbawe. Usimwambie dada yako."

"Basi tafuta pa kulala," shemeji akacheka. "Kila siku anasema, bandeji ikitoka, cha kwanza kutazama ni hilo tumbawe."

Maneno hayo yalimkata maini. Akafungua daftari la mkewe, huenda akakuta dawa. Kila kiumbe cha tangini kilikuwa na namba na jina lake la kisayansi, isipokuwa namba kumi na nne, lile tumbawe lililovunjika. Hapo mkewe alikuwa ameandika: "Rangi isikudanganye, hubadilika na mwanga. Tazama mifupa. Kila kinywa kina ukuta wake, au majirani wanagawana ukuta mmoja? Wakigawana, ni Favites. Sioni."

Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Fundi akakaa chini. Miaka miwili mama huyu haoni sawasawa, naye kazi yake ni kumtania kwamba mboga anaitia chumvi mara mbili! Aliona aibu, akamhurumia, machozi yakamlengalenga. Baada ya muda akatoa ile chembe mfukoni, akaisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka ikabaki nyeupe, akaipeleka dirishani. Kumbe swali lenyewe lilikuwa la kazi yake.

"Hivi ni vyumba vya kupanga," akajisemea. "Ukuta mmoja, wapangaji wawili." Mwanya hakuna, hata wa kupitisha uzi. Akashika kalamu, akasita, akairudisha mezani.

Mkewe akarudi na miwani nyeusi. Hakungoja salamu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Fundi! Umenivunjia!"

"Nimekuvunjia, kwa mwiko. Nisamehe, Mama Watoto. Utanigombeza, haki yako, ila kwanza njoo dirishani."

Akampa ile chembe na lenzi. Mama akaisogeza jichoni, akaizungusha.

"Wanagawana," akasema polepole. Kisha akapaza sauti, "Wanagawana ukuta! Nauona!"

"Mimi nimeuona tangu siku ile."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Swali lilikuwa lako. Na wewe mbona hukuniambia kwamba huoni?"

"Ungesema tangi sasa basi."

"Ningekuazima macho yangu, wewe mama! Si yapo tu hapa, yanakodolea kioo?"

Mama akacheka huku akijifuta shavu. Akainama tena tangini. Kile kipande juu ya jiwe kilikuwa kimeanza kuota nyama mpya pale kilipovunjika, na vinywa vyake vimefunguka. Akavuta daftari, akaandika Favites.

"Huo ni ukoo tu," akasema. "Jina kamili bado."

"Utalipata?"

"Sasa nina macho."

Akalikata lile neno "Sioni" kwa mstari mmoja. Halafu akaanza namba mpya: "Kumi na tano. Mtoto wa kumi na nne. Kimevunjwa na Fundi. Kinaendelea vizuri."