Nusu Kikombe cha Uji

Mzee alikuwa amekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda nilipomwambia mwanawe, kwa sauti safi kabisa, kwamba baba yake amekunywa uji asubuhi hiyo. Nusu kikombe, nilisema. Amekataa sukari. Hakuna aliyenituma kusema hayo.

Nilikuwa nafanya kazi ya foni, yaani simu ya redio, mtaani Mususa, mjini Butembo, wakati wa uasi. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, posta ilikuwa imekufa zamani, na barabara ya Beni ilifunguliwa au kufungwa kwa amri ya wenye bunduki waliokuwa zamu siku hiyo. Aliyetaka kusema na ndugu yake Beni, Mangina au mbali zaidi alikuja kwetu. Tulikuwa na chumba cha mbao, betri ya gari, waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili, na mashine ya redio yenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza kwa "à vous", unaachia ili mwenzako naye aseme. Kila aliye chumbani anasikia yote, na kila aliye kwenye mawimbi hayo hayo anasikia pia.

"Hii foni ni mubaya kuliko padri," mama mmoja muuza maharagwe alizoea kusema akiwa kwenye benchi. "Padri anasikia zambi yako yeye peke. Hapa inasikiwa mpaka Bunia!"

"Donc usikuje na zambi, mama," wenzake walimjibu. "Kuja na maharagwe."

Mwenye foni alikuwa Mwislamu, msafirishaji mwenye malori mawili. Tulimwita Hadji. Mimi ni mtoto wa familia ya Kiprotestanti. Nilikuwa nimezoea kusoma matangazo kanisani, naye alinichukua kwa sababu hiyo. Siku ya kwanza aliniambia: "Foni haina macho, mama. Mutu haoni mikono yako, haoni uso yako. Kama neno lako haliko sawa, anabakia na kelele tu."

Nililishika hilo. Nilinunua daftari, na kabla ya kubonyeza kitufe niliandika ujumbe wa mteja kwa mstari: nani anasema, nini kimetokea, lini, anaombwa afanye nini. Polepole nikagundua jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha. Ukisema "gari imeharibika", mwenye mali aliyeko mbali hasadiki. Anafikiri dereva yuko kwenye pombe. Lakini ukisema "gari iko kwenye mlima wa Kabasha, tairi mbili za nyuma zimepasuka, dereva amelala chini yake juu ya kiroba", anasadiki na kutuma tairi. Kitu kimoja kidogo kinachoweza kuonekana kilitosha. Wafanyabiashara walianza kupita vyumba vingine vya foni na kuja kwangu. Hadji aliniongeza mshahara. "Wewe unasema kama mutu mwenye anaona," aliniambia, nami nilifurahi kwa wiki nzima.

Asubuhi hiyo, yapata saa mbili na nusu, aliingia mzee mwenye kofia nyeupe ambaye nilimfahamu kama mteja. Ndege ilikuwa inashuka uwanjani Rughenda, tukangoja kelele ipite. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Mama, nitafutie Mangina. Kuko mutoto wa kaka yangu, ananunua muchele kule. Kaka yangu ametuacha leo, mbele ya sala ya asubuhi kufika."

"Pole sana, papa."

"Mais usiseme vile. Sema iko mugonjwa, akuje leo leo. Ataelewa mwenyewe."

Nilijua desturi hiyo. Ni yetu sote, Waislamu na Waprotestanti. Kifo hakitupwi hewani. Mtu huambiwa akiwa amekaa, na mkubwa wa kumshika bega akiwa karibu, si akiwa amesimama katikati ya wageni na kipaza sauti mkononi. Kwa hiyo husemwa "mgonjwa, njoo", na anayeambiwa hufunga mzigo wake bila kuuliza. Mzee aliniambia pia kwamba mazishi yatakuwa baada ya sala ya alasiri. Wangeweza kungoja mpaka saa kumi, si zaidi. Kutoka Mangina kwa pikipiki, hata kwa vizuizi vya askari, mtu angefika Butembo saa nane. Kila kitu kilitegemea kijana kuondoka mara moja.

Mhudumu wa Mangina alimwita. Sauti yake ilikuja na mvumo, lakini ilisikika.

"Hallo, Butembo. Niko nasikia. À vous."

"Baba mudogo iko hapa. Anasema muzee iko mugonjwa, ukuje leo. À vous."

Badala ya kukubali, aliuliza.

"Mugonjwa namna gani? Juzi muzee alinitumia salamu, alikuwa muzuri. Anakula? À vous."

Hapo mtu mwingine angesema, "Wewe kuja tu." Mhudumu mbaya, mwenye kigugumizi, angemwokoa. Nilimtazama mzee; alikuwa ameinamisha uso. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, benchi zima lilikuwa linanitazama, na mazoea yangu yakanijia mdomoni yenyewe.

"Asubuhi amekunywa uji. Nusu kikombe. Amekataa sukari. À vous."

Kijana alicheka. Nilisikia kicheko chake wazi kabisa.

"Kama anakataa sukari, ni yeye kabisa! Muzee hajapendaka sukari hata siku moja. Asante, mama, umenituliza roho. Ambia baba mudogo nimalize kupakia muchele, nitakuja na camion samedi. Namuletea asali ya pori, ile anapenda. Terminé."

Ilikuwa Alhamisi, na lori lake lingefika Jumamosi.

Mzee aliinua uso. "Nani alikuambia habari ya sukari?"

"Hakuna, papa."

Niliita tena Mangina. Mhudumu akajibu kwamba kijana amekwisha kutoka, amekwenda kwenye magari, je, amkimbilie? Nilimgeukia mzee.

"Acha," akasema. "Tukimuita mara ya pili, atajua ni kifo. Ataanguka pale sokoni, kati ya batu hawamujue." Akasimama, akanishukuru kwa Kinande, "Wasingya," kama mtu aliyehudumiwa vizuri, akaenda kuzika.

Yaliyofuata niliambiwa na dereva wa lori. Jumamosi jioni walifika nyumbani, wakawakuta watu wamekaa nje juu ya mikeka. Kijana alishuka na kidumu cha asali mkononi. Alisalimia wawili watatu, kisha akaona kwamba hakuna anayemtazama machoni. Alikiweka kidumu chini taratibu, akakifunga vizuri kifuniko, ndipo akakaa chini kando yake.

Jumatatu alikuja kwenye foni. Nilimtambua alipofungua mdomo. Alingoja zamu yake kwenye benchi kama mteja yeyote, na alipofika mbele yangu hakutaka Mangina wala Beni.

"Ni wewe ulisema na mimi?"

"Ni mimi."

"Baba mudogo anasema alikutuma useme mugonjwa tu. Ile ya uji ilitoka wapi?"

Ningeweza kumtaja mwingine. Benchi lilikuwa limejaa watu wengine siku hiyo, si wale walionisikia Alhamisi. "Ilitoka kwangu," nikasema. "Uliuliza kama anakula. Nilitaka usikie neno lililo sawa. Nisamehe, kaka."

Alifikiri. "Ulisema muzuri sana," akasema, bila dhihaka. "Ile njo shida. Ungesema mubaya, ningepanda pikipiki pale pale." Kisha: "Kaburi walifunga saa ngapi?"

"Baba yako mudogo aliniambia saa kumi."

Alihesabu kwa vidole. "Ningefika," akasema, akatoka.

Tangu siku hiyo sikupeleka tena habari za kifo kwa kumwita mwenye msiba kwenye kipaza sauti. Nilimwomba kwanza mhudumu wa upande wa pili amtafute mkubwa wa familia, mchungaji au imamu. Huyo ndiye niliyemwambia, naye akaenda kumketisha mtu wake. Hadji alilalamika kwamba betri inakwisha, kisha akazoea. Baadaye nilisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka mingi, na siku hizi vijana wanaotafuta kazi za ofisini huja niwafundishe kusema mbele ya watu. Wanataka niwaonyeshe namna ya kusadikiwa. Nawaonyesha, kwa kuwa naijua. Lakini huwauliza kwanza: yule unayesema naye, akikusadiki, atafanya nini baada ya hapo? Wengi wanaandika swali hilo bila kulijali.

Neno la kijana, "ningefika", halikuniacha. Wiki zile nilimuuliza kila dereva wa pikipiki aliyeingia chumbani kama alipita njia ya Mangina Alhamisi ile. Mmoja aliniambia askari walifunga kizuizi cha Beni tangu saa tano, hata wagonjwa walirudishwa. Mwingine aliapa alipita hapo saa sita, akawapa sigara, wakamfungulia. Wa tatu alisema wote wawili ni waongo, kizuizi kilifungwa na kufunguliwa mara tatu siku hiyo. Niliandika majibu yao kwenye daftari, na saa kando ya kila jibu. Nimeyasoma mara nyingi. Hayalingani.