Misimu Minne ya Kutazama Maji

Kazi ya shemeji yangu Pi-hsia ilikuwa kutazama maji. Si kuvua wala kupiga mbizi. Kutazama tu, tangu asubuhi mpaka wale wanaojenga minara ya umeme wa upepo baharini waseme yatosha. Ukimwona juu ya paa la boti yangu, kofia ya majani imefungwa kwa kitambaa mpaka puani, darubini mkononi, ungesema huyu mama kapata ulaji. Jaribu saa moja. Macho yanawasha, kiuno kinagoma, halafu maji yenyewe yanaanza kukudanganya: kila povu unaliona lina pezi, kila taka ina mgongo.

Mimi ni A-Tik, mwenye boti. Nilivua nayo hapa bandari ya Wanggong miaka thelathini, mpaka samaki walipoadimika na kampuni zikaja kukodi vyombo vyetu. Mume wa Pi-hsia, A-hui, alikuwa baharia wangu na rafiki yangu tangu shule. Ini lilimwondoa kabla hajafika hamsini. Tangu hapo nikajiona nina wajibu kwa mjane wake, ingawa hakuna aliyeniomba, na Pi-hsia mwenyewe si mtu wa kuomba.

Zamani alikuwa akichokoa chaza. Miaka na miaka kwenye kigoda kifupi, kisu mkononi, maji ya chumvi yakimwingia chini ya kucha. Kisha serikali ikaweka masharti. Nguzo ya mnara wa upepo hupigwa kwa nyundo yenye ukubwa wa nyumba mpaka izame chini ya bahari, na mshindo wake majini unaweza kumtia pomboo uziwi. Pomboo anatafuta njia kwa masikio, anatafuta chakula kwa masikio, na mwanawe pia anamjua kwa masikio. Akiwa kiziwi ndiyo basi tena. Na wale weupe wa pwani yetu wamebaki wachache mno.

Kwa hiyo ikaamriwa hivi. Nyundo izungushiwe pazia la mapovu ili mshindo upungue. Ianze kugonga taratibu. Na kabla haijaanza, watazamaji kwenye boti nne waangalie pande zote kwa nusu saa nzima. Akionekana pomboo ndani ya duara la hatari linaloizunguka nyundo, kazi inasimama na nusu saa inahesabiwa upya. Ikibaki saa moja jua lizame, hakuna kuanza nguzo mpya, hata meneja alie machozi.

Pi-hsia alisoma masharti hayo akiwa na miaka hamsini na minne, amekaa darasani na vijana waliotoka chuo kikuu juzi. Mtihani wa kwanza alifeli. Walimwonyesha picha ya pomboo wakauliza ni wangapi, yeye akaandika, "Wapo." Kwetu sisi pomboo weupe ni samaki wa Mama Mazu, mlinzi wa mabaharia, na huonekana siku za sikukuu yake wakija kumsalimia. Hawahesabiwi, kama usivyohesabu watoto wa mtu mbele yake. Ukiwaona, unatua ulichoshika, unaunganisha viganja, unainama mara tatu. Bibi yake alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kuchana nywele. Mtihani wa pili alihesabu, akafaulu. Jioni hiyo alikwenda hekaluni na sahani ya mapera kuomba radhi.

Nilicheka sana. Ningejua ningenyamaza.

Msimu wa kwanza akaandika sifuri kwenye fomu kila siku. Msimu wa pili sifuri, wa tatu sifuri. Bandarini wakawa wanamngoja kwa maneno.

"Mama Sifuri, leo umeona nini?" Wan-fu alimuuliza siku moja. Huyu naye ana boti ya watazamaji, na mdomo wake haujui kutulia.

"Nimeona tumbo lako likiingia bandarini kabla ya boti yako."

Watu walicheka, na Pi-hsia akacheka. Lakini ndani ya boti aliniambia, "Kaka, nimechoka. Si miguu. Nimechoka kuandika kwamba hakuna kitu."

"Si ndiyo vizuri? Hakuna aliyepigiwa kelele."

"Au hakuna aliyebaki wa kupigiwa."

Nilitema tambuu yangu baharini nikajifanya naangalia dira.

Nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwisho wa msimu wa nne, nguzo ya mwisho ya mstari ule. Tufani ilikuwa njiani, na meli ya nyundo ilitaka kumaliza ikimbilie bandarini. Mwisho wa kuanza ulikuwa saa kumi na moja na nusu. Nusu saa ya kutazama ilianza saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Pi-hsia alikuwa upande wa kushoto wa paa. Upande wa kulia alikuwa mwenzake Yi-chen, msichana mzuri tu, anayetapika kila bahari ikichafuka kisha anarudi kusimama bila kulalamika. Mimi nilikuwa kwenye usukani chini yao. Joto lilikuwa limetumaliza.

Zikabaki dakika mbili.

Walitokea kushoto, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona tangu ujana wangu. Mama mweupe, na ubavuni mwake mtoto wa kijivu, kwa sababu weupe wao huja na umri. Waliibuka, wakavuta pumzi, wakazama. Wakaibuka tena. Niliwaona. Nalisema hapa wazi ili pasiwe na shaka baadaye: mimi A-Tik niliwaona kwa macho yangu mawili, na machozi yalinitoka.

Pi-hsia alitua darubini. Akaunganisha viganja, akafumba macho, akainama mara tatu. Miaka minne alikuwa ameingoja salamu ile. Kisha ndipo akashika redio.

"Simamisheni. Boti ya tatu hapa. Pomboo, mama na mtoto, ndani ya duara."

"Wangapi?" sauti ya meli ya nyundo ikauliza.

"Nimesema mama na mtoto."

"Wanaelekea wapi?"

Aliangalia. Bahari ilikuwa tupu. "Sikuona walikoelekea."

Nyundo haikugonga. Neno la mtazamaji mmoja linatosha, ndivyo sharti lilivyo. Nusu saa ikaanza upya, ikaipita saa ya mwisho, na siku ikaisha. Tulirudi bandarini Pi-hsia akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa wachokoa chaza, na Yi-chen akamwambia, "Shangazi, leo nimekuonea wivu. Nilikuwa natazama upande usiofaa." Tufani ikafika usiku. Meli ya nyundo ikalala bandarini siku tisa bila kazi.

Siku ya kumi Bwana Chiu, meneja wa mradi, alitangulia kuniita mimi. Alinimiminia chai kwa mikono miwili. Tatizo halikuwa siku tisa tu, alisema. Mama na mtoto mahali pale maana yake wanazaa karibu, na ofisi ya mazingira itakapoona fomu hiyo, kibali cha mstari wa nguzo unaofuata kitafunguliwa na kujadiliwa upya.

"Nahodha, msimu ujao huenda tukahitaji boti mbili tu badala ya nne," alisema, akinisogezea sahani ya karanga. "Ningependa zibaki za watu tunaoelewana. Na huyo mama ana umri wake. Sipendi kumnyang'anya mtu leseni."

Nilielewa. Hakuna mtu wa bandarini ambaye asingeelewa.

Tulipoingia ofisini kwake sote, mimi, Pi-hsia na Yi-chen, Bwana Chiu alituonyesha filamu. Kamera ya boti hutazama watu walio paani, haitazami bahari. Tulimwona Pi-hsia anatua darubini, anafumba macho, anainama. Chiu akairudisha, tukamwona anainama tena.

"Mama Hung," akamwambia Pi-hsia kwa jina la ukoo, "sekunde kumi na moja hukuwa unatazama. Ulikuwa unasali."

"Nilikuwa nasalimia."

"Unamsalimia nani?"

"Niliowaona."

"Mwenzako hakuona."

"Nilikuwa natazama upande wangu," Yi-chen akasema haraka. "Hilo haliwezi kuwa kosa la shangazi."

Chiu akasogeza karatasi mezani. Ilisema kwamba kutokana na joto na uchovu, mtazamaji hana hakika na alichokiona, na fomu ya siku ile isomeke sifuri. Akisaini, hakuna lawama, na msimu ujao kazi ipo. Asiposaini, leseni yake ingepelekwa kujadiliwa kwa kosa la kuacha zamu.

Pi-hsia alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Sisaini," alisema. "Kama hawakuwepo, mimi nilimwinamia nani?"

Nilimwonea fahari. Nataka hilo nalo lijulikane.

Chiu akanigeukia. "Nahodha, wewe ulikuwa chini yao. Uliona chochote?"

Mara moja niliwaza mambo mengi. Niliwaza boti mbili badala ya nne. Nilimwaza Pi-hsia akirudi kwenye kigoda cha chaza na vidole vile vilivyopinda. Nikajiambia namwokoa. Mtu anaweza kujiambia mambo mengi ndani ya pumzi moja.

"Nilikuwa naangalia dira," nikasema. "Sikuona kitu."

Nilitegemea atanikasirikia. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Lakini alinitazama tu kwa muda, bila hasira, na nikaona kitu usoni mwake kikilegea. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Kweli, kaka?"

"Kweli, shemeji."

"Basi nipeni kalamu."

Alisaini. Jina lake aliliandika vizuri, kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Chiu alishukuru mara mbili akamfungulia mlango. Yi-chen alikuwa analia, na Pi-hsia ndiye aliyembembeleza.

Tulirudi kwa pikipiki yangu, yeye nyuma, mkoba wake katikati yetu. Tulipita juu ya tuta la bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa kwenye safu za chaza wakijaza vikapu. Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio langu kwa sababu ya upepo.

"Kaka, kesho unipeleke hospitali."

"Unaumwa nini?"

"Macho, au kichwa, sijui. Mama yangu alianza hivihivi. Siku moja alituambia baba amekaa mlangoni, na baba alikuwa ameshazikwa miaka saba. Tulimcheka." Akaukaza mkoba katikati yetu. "Nilimwona mtoto vizuri sana, kaka. Mpaka mkunjo wa shingoni niliuona. Sikujua kwamba kitu kisichokuwepo kinaweza kuonekana vizuri hivyo."

Nilipunguza mwendo. Kusema uongo mbele ya Chiu kulikuwa rahisi. Lakini sikuweza kumwacha akapige foleni hospitali kuwaambia madaktari kwamba anaona vitu.

"Walikuwepo, shemeji," nikasema.

"Unasema?"

"Walikuwepo. Mama na mtoto wake wa kijivu. Waliibuka mara mbili. Huumwi kitu."

Nilihisi mkoba unabonyea mgongoni mwangu, kisha ukatulia.

"Simamisha," alisema.

Nikasimamisha. Alishuka, akaning'iniza mkoba begani, akasimama ananitazama kwa yale macho aliyotazamia maji misimu minne. Nilianza kumweleza habari ya boti mbili, ya leseni yake, ya kigoda. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Basi turudi kwa Chiu," nikasema mwishowe. "Nitasema ukweli."

"Utasema nini? Kwamba ulidanganya mara ya kwanza au ya pili?" Hakupandisha sauti. "Fomu imeshakwenda. Jina langu liko chini yake, si lako. Miaka minne nimekaza macho majini, A-Tik. Kumbe ningekutazama wewe."

Akaanza kutembea. Kwake palikuwa bado mbali, na jua lilikuwa kali. Nilimfuata na pikipiki nyuma, polepole, injini ikichemka, mpaka mlangoni kwake. Hakugeuka hata mara moja. Alifungua, akaingia, akafunga bila kubamiza.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Chiu peke yangu. Nilisema nilichopaswa kusema. Alinimiminia chai kwa mikono miwili, akasema pole, joto la mwaka huu limewachosha watu wengi.

Mwezi wa nne nguzo za mstari unaofuata zilianza kupigwa. Kibali hakikujadiliwa upya. Boti mbili zilichukuliwa, yangu na ya Wan-fu, na Pi-hsia aliomba apangwe kwa Wan-fu. Kazi anayo na leseni anayo, kama nilivyotaka. Asubuhi tukikutana bandarini ananisalimia vizuri tu. "Habari za asubuhi, nahodha," anasema, anapanda boti ya mwenzangu, anapanda paani, anageukia bahari.