Siku Nilipotafsiri "Run" Mbele ya Mama Mkwe

Wacheni niseme mwenyewe, maana wengi wenu mmeshaisikia kwa watu wengine na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake: ni kweli, yule mkalimani wa ibada ya saa saba aliyehubiri mahubiri ambayo mhubiri hakuyahubiri ni mimi, Silas, fundi wa mapazia, na ni kweli kwamba hadi leo nikitumwa vitambaa kule mjini huwa nazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya lile jengo.

Mambo yalianza na majivuno tu. Nilikuwa namchumbia Doreen wa Uthiru, na siku ya kwanza kupelekwa kwao mama yake, mwanamke wa maneno machache anayeuza nafaka karibu na stage ya matatu, akaniuliza, "Na kanisani wewe hufanya nini?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba napanga viti. Nikasema natafsiria wageni. (Kiingereza ninacho, msinicheke, nimekiokota Kitisuru na Muthangari nikiwatundikia matajiri mapazia, na mtu akishinda juu ya ngazi hujifunza mengi kwa wanaoongea chini yake.) Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akasema hiyo ni kazi nzuri, na mimi nikavimba kichwa hapo hapo kwenye kiti.

Jioni hiyo Doreen akinisindikiza akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Baba yake hayuko Juba kikazi kama majirani wote wanavyojua. Aliwaacha zamani sana akaenda kuishi na mwanamke mwingine, na ni mama aliyetunga hiyo habari ya Juba ili watoto wasichekwe mtaani, kisha miaka ikapita na uongo ukazoeleka.

"Usiwahi sema, Silas. Hata mum hajui nimekuambia."

Nikaapa haki ya Mungu, nikalamba kidole nikakielekeza juu kama mtoto wa shule.

Wiki chache baadaye, siku zikiwa zimebaki kidogo wazee wetu waende Uthiru kujitambulisha, Doreen akanipigia. "Mum anakuja lunch hour Jumatano na marafiki wake wawili wa chama. Wanataka kukusikia ukitafsiri. Hapo ndio anakupima, so jipange."

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilimwendea Dada Roselyne, mkalimani wetu wa kila siku, nikamwomba aniachie Jumatano. Akaniangalia juu hadi chini.

"Ushawahi tafsiri, Silas?"

"Sana tu, dada. Kule nyumbani."

Kwa wasioijua ibada yetu, iko ghorofa ya tatu, na wanaokuja ni makarani, wenye maduka na mafundi kama mimi, tunaobadilisha chakula cha mchana kwa maombi. Wote mle ndani wanajua Kiingereza, lakini mgeni akihubiri bila mkalimani watu huona ibada haijaiva. Mkalimani husimama bega kwa bega na mhubiri, akipiga kelele naye anapiga, akinong'ona ananong'ona, akiruka anaruka, na watu hupata nafasi ya kusema amina mara mbili. Nilikuwa nimeitazama kazi hiyo kwa muda mrefu na niliona haina lolote la kumshinda mtu mzima.

Jumatano ikafika. Mama Doreen na marafiki zake wakaketi safu ya pili, wamevaa vitambaa vya kichwa vya chama chao cha kuchangiana pesa, na mmoja wao akanipungia mkono akimwambia mwenzake, "Ndio huyo mkwe." (Kwetu magharibi mkwe na mama mkwe hata hawasalimiani kwa mkono, hukaa mbali kwa heshima, kwa hiyo nikainamisha kichwa kutoka kule mbele nikijiona mtu wa mila kamili.) Mgeni alikuwa mzee mrefu kutoka ng'ambo, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Akashika maikrofoni akasema leo ana neno moja tu la kutufundisha, na neno lenyewe ni "run".

Nilitaka kumkumbatia. Neno moja! Nikapaaza sauti, "Kimbia!" Mzee akakimbia pale pale aliposimama, nami nikakimbia kando yake, watu wakapiga makofi. Kisha akasema maji ya bomba nayo "run", nikasema yanatiririka. Akasema mtoto akiwa na mafua pua yake "run", nikasema kamasi zinamtoka, watu wakacheka vizuri. Akasema shati jekundu likifuliwa rangi yake "run", na hapo mimi ni fundi wa vitambaa, nikasema inachuja, nikaongeza kwamba ndiyo maana tunawaambia wateja wasiloweke. Injini, nikasema inanguruma. Mwanasiasa, nikasema anagombea. Nilikuwa nimeshika moto, jasho linanitoka, na safu ya pili Mama Doreen alikuwa anatabasamu, mama ambaye mimi sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Ndipo mzee akafikia alikokuwa anaenda tangu mwanzo. Akatuambia tumgeukie jirani tumwambie, tazama, kazi zote hizi na neno ni moja tu. Na mimi, bila kufikiri, nikatangaza, "Mwambie jirani, neno ni moja tu!"

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Yako ni sita, bro!"

Jamani, ukumbi ulicheka. Sio kile kicheko cha kamasi, hiki kilikuwa changu mimi, na nikaona Mama Doreen ameangalia mkoba wake mapajani. Shingo ikawa ya moto hadi masikioni. Hofu ikaniambia fanya kitu uwarudishe hawa watu, na mzee naye akawa ameendelea, akasema kifupi tu kwamba yuko mwanamke anayeendesha nyumba yake peke yake, naye pia tunamwambia "run".

Mngesema hivyo hivyo alivyosema, sivyo? Sentensi moja, basi. Mimi niliona mlango wa kumpendeza mama mkwe nikaingia mzima mzima. Nikasema, "Kuna mama mmoja!" Watu wakasema ndiyo. Nikasema mama huyu mume wake alitoka nyumbani akamwachia watoto wadogo, amina, hakulia mbele ya watu, amina, alifungua duka la nafaka akauza maharagwe akasomesha, amina, na makofi yalivyozidi ndivyo mdomo ulivyonikimbilia mbele, nikasema majirani wanajua mume yuko Juba lakini Mungu ndiye anayejua kwamba hakuna cha Juba, mama ndiye baba na mama ndiye mama, haleluya!

Mzee akanigeukia, macho yake mema yamejaa mshangao, akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli yeye amesema hayo yote. Maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu alikuwa amesikia kwa Kiingereza kwamba yeye alisema sentensi moja tu.

Watu watatu hawakucheka. Wale marafiki wawili walikuwa wamegeuza vichwa polepole, mmoja kulia mmoja kushoto, wanamtazama mama aliyekaa katikati yao. Mama Doreen akafunga zipu ya mkoba wake. Akasimama, akasema samahani kwa waliokaa, akapita mbele ya magoti yao moja baada ya jingine hadi mlangoni. Dada Roselyne alikuja akaniondolea maikrofoni mkononi taratibu, na ibada ikaendelea bila mimi.

Nilimfuata mama kwenye ngazi. Alisimama kwenye kona, akashuka daraja moja ili tuwe mbali inavyotakiwa, hata siku hiyo.

"Mum, nisamehe. Nilitaka kukusifu."

"Nilikuomba sifa?"

"Hapana, mum."

"Hiyo maneno nimeifunika tangu Doreen akiwa mdogo. Wewe umeifungulia kwa spika." Hakupandisha sauti. "Na sasa pia najua mtoto wangu ndiye alikuambia. Hata kumwamini mtoto wangu umeninyang'anya."

Akashuka. Niliketi pale kwenye ngazi nikalia, watu wa ofisi wakinipita na chipsi zao.

Doreen hakushika simu yangu siku mbili. Kisha ukaja ujumbe: "Mum amesema wazee waje. Wewe usiongee."

Wazee wakaenda. Mjomba wangu Patrick ndiye alikuwa msemaji, na kwa aibu sikuwa nimemweleza lolote, kwa hiyo baada ya chai akauliza anachopaswa kuuliza mtu yeyote aliyefika kwa watu kwa mila: "Na mzee wa hii boma tutamwona leo?"

Wale marafiki wawili walikuwa mlangoni na sahani. Doreen akaangalia chini. Mimi nikashika magoti yangu nikangoja kutajwa. Mjomba angesikia mbele ya ukoo wote nilichofanya, na wazee wangu wangenyanyuka na kofia zao, na mama alikuwa na haki hiyo.

"Alituacha," Mama Doreen akasema. "Hakuwahi kuwa Juba. Watoto nimelea mimi, na mimi ndiye mtaongea naye."

Mjomba akavua kofia. "Basi mama, tumefika kwa mwenyewe."

Mmoja wa wale marafiki akaweka sahani chini, akaja akaketi karibu naye.

Mimi mama hakunitaja, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na tumeoana na Doreen na mtoto tunaye. Nimeapa sitashika maikrofoni tena, na mtu akinieleza ya nyumbani kwake yanaishia kwangu. Lakini sikosi usingizi kwa sababu ya kile kicheko cha ukumbini. Huukosa nikikumbuka kwamba siri yangu mama alikuwa nayo mkononi, wazee wangu wote wamekaa mbele yake, na akaifunika.