Mihogo ya Asubuhi Hiyo Hiyo

Hasira ya madame Aimée ilianzia kwenye kidole gumba. Alikibonyeza juu ya muhogo uliokuwa ndani ya beseni, mbele ya darasa la tano, na muhogo ukagoma kama jiwe.

"Hugues, hii umetoa wapi?"

"Soko, madame. Asubuyi hii hii. Ingali mubichi kabisa!" alijibu kijana huku akitabasamu, kama aliyeleta zawadi.

Hugues alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya ualimu pale Makiso. Hili lilikuwa somo lake la majaribio, na madame Aimée ndiye aliyekuwa akimpima. Asipolipita, hakuna diploma. Mada alijichagulia mwenyewe: namna ya kutengeneza kwanga, mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani. Akapewa majuma mawili ya kujitayarisha. Fiche yake ya maandalizi ilipendeza, wino wa rangi mbili, mistari imenyooka. Lakini mihogo ya kwanga hulala majini siku nne, ilainike, uchungu utoke. Hugues alilala yeye.

Aimée hakusomeshwa na mjomba wala padri. Alisomeshwa na kwanga. Alipanda mto kutoka Isangi akiwa msichana, akauza bandarini alfajiri kisha akakimbilia darasani akinuka moshi. Mihogo ya pipa moja ikimenywa leo, ya pili ilikuwa inalainika, ya tatu iko tayari kupondwa. Siku aliyosahau kuloweka, hakuuza. Asipouza, alifukuzwa shule. Hakuna aliyemwonea huruma, naye hakuiomba. Hata sasa, mwalimu mzima, mapipa yale yako nyuma ya nyumba yake Mangobo, maana mshahara wa serikali huja ukipenda, hauna adabu ya kubisha hodi.

Préfet, mkuu wa shule, papa Wenceslas, alimsogelea akanong'ona, "Maman Aimée, kwako mihogo ya kulowa haikosekane. Tutume toleka moja na baiskeli yake, alete. Tumalize."

"Ile iko na wenyewe. Wateja yangu wa kesho."

"Juu ya mutoto wa watu!"

"Na mwaka ujao, akipata darasa yake, atakuwa anatuma toleka kwangu kila siku?"

Hugues alisikia. Akakunja mikono ya shati. "Bon, nitaponda hivi hivi. Watoto hawataonja."

Msichana wa dawati la mbele akacheka. "Mwalimu, hiyo itakukata tumbo!" Darasa zima likalipuka.

"Hivi hivi?" Sauti ya Aimée ilizima kicheko mara moja. "Uchungu wa muhogo hausomi fiche yako! Umekuja kufundisha watoto sumu, sababu umepamba karatasi?"

"Madame, unaniharibia mwaka."

"Mimi? Majuma mawili mimi ndiye niliyekuwa nalala?"

Papa Wenceslas alitazama saa, akakohoa. Aimée hakumpa nafasi. "Papa préfet, nasema wazi. Leo sitii sahihi. Amenye mihogo hapa mbele ya watoto, aizamishe, awaelezee kwa nini inangoja. Ijumaa arudi amalizie. Ikishindikana, ni sifuri, na sifuri hiyo nitaiandika kwa mkono wangu."

"Ijumaa niko na mkutano."

"Basi upange upya mkutano wako."

Hugues alishika kisu. Alimenya kwa hasira, maganda yakiruka hadi miguuni pa watoto. Lakini alipowauliza kwa nini maji yatabadilika rangi, mikono kumi ikapanda juu, naye akasahau kununa. Akazamisha mihogo, akafunika beseni, akajifuta jasho.

"Nimemaliza, madame. Ijumaa nitakuja tu kuponda."

Aimée alikuwa mlangoni tayari. Akageuka, na hasira ikamrudia yote.

"Na majani ya kufungia? Kamba? Kuni? Utaenda kutafuta Ijumaa asubuyi, sivyo?"

Kijana akaweka kisu chini.

"Nitaenda kesho, madame."

"Leo, Hugues."

Kijana akachukua koti lake, akatoka mbio kuita toleka.