Manukato Mlangoni mwa Maabara

Tangu bintiye aanze kutunza viinitete vya panya maabarani, mama alikosa raha. Msichana mzima hajipaki manukato! Hata sabuni yake haina harufu. "Utaolewa na nani, mwanangu, unanukia maji matupu?" Binti hucheka tu. Kazini wamembandika jina la Kufuli.

Siku jamaa za wafanyakazi walipoalikwa kutembelea maabara, mama alijimwagia manukato hadi visigino, asije akamwaibisha mtoto mbele ya wasomi. Kufuli alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa. Akanusa.

"Shikamoo, mama. Huingii."

"Maraha... Siingii? Mimi niliyekuzaa?"

"Wewe huyo huyo."

Watu wakageuka. Mkuu wa maabara akasogea, akacheka kidogo. "Kufuli, mpishe mama. Achungulie tu, atoke."

"Hapana, bosi. Leo ndani kuna viinitete tulivyovisubiri mwaka mzima."

Akamgeukia mama, sauti chini. Yai, alisema, huja na alama juu ya jeni zake: hii iseme, hii inyamaze. Likishaungana na mbegu ya baba, alama nyingi hufutwa, kiumbe kianze upya. Chache hubaki, za mama na za baba, na hizo ndizo wanazozichunguza. Hewa ikiingia harufu kali, kiinitete chaweza kufa. Au kikaishi, alama zimevurugika, nao wasijue kosa limetoka wapi. Mwaka umekwenda na maji.

"Alama za mama hazifutiki?"

"Chache hazifutiki."

"Na za baba?"

"Nazo pia."

"Basi kichwa kigumu hicho ni cha babako."

Mkuu akaangua kicheko, lakini mlango haukufunguliwa. Mama akaona mdomo wa chini wa binti ukitetemeka, vile vile ulivyokuwa ukitetemeka utotoni mbele ya sindano. Kumbe anaogopa! Anamwogopa bosi, anamwogopa mamaye, na bado kitasa hakiachii.

Hasira zikamwishia palepale. Akarudi nyuma mwenyewe, akaenda kusimama kwenye dirisha la kioo la ukumbini. Kwenye skrini ndani aliona kitu cha duara, chembe nne zimebanana kama vitoto kitandani. Vizima.

Mgeni mmoja aliyekuwa kando yake akamwonea huruma. "Pole, mama. Yule binti kakufukuza bila haya."

"Pole ya nini?" Mama akavuta mtandio, akapaza sauti ukumbi mzima usikie. "Yule ni wangu. Jaribu na wewe kupita, uone!"