Koti la Kwenda kwa Dogo

Shemeji yangu nilikuwa simpendi, na sikuficha. Si mtu mbaya. Ila ukimwuliza jambo Jumatatu, jibu utalipata labda Ijumaa, na lile koti lake la kazini lilinuka zizi nyumba nzima. Mdogo wangu alimpenda hivyo hivyo. Wanasema mapenzi ni upofu. Kumbe hata pua hayana.

Zamani alikuwa fundi wa kupaka rangi. Siku moja alikwenda kupaka ukuta wa kituo cha kuokoa wanyamapori, nje kidogo ya mji, pale wanapotibiwa waliovunjwa na mitego na kulelewa watoto waliokutwa kando ya mizoga ya mama zao. Siku hiyo kililetwa kitoto cha faru, kipofu, kilichokataa maziwa ya kila mtu. Kikanywa mkononi mwa mpaka rangi. Basi, rangi ikaishia hapo. Yule faru wakampa jina la Dogo, na jina hawakulibadilisha hata alipofikia ukubwa wa gari.

Mdogo wangu naye ni mwoga, kuku akimrukia anapanda kitandani. Kituoni hakuwahi kutia mguu. Mumewe alikuwa akimtuliza, "Dogo ni kama ng'ombe tu." Halafu kila alasiri alitoka nje, akavaa koti lake ametugeuzia mgongo, akaenda zake. Mimi nilimwonya mdogo wangu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwambie mumeo arudi kwenye rangi zake.

Basi wiki ile shemeji akashikwa na mafua. Pua zimeziba, sauti imekauka kabisa. Asubuhi alipokuwa amelala, mdogo wangu kwa huruma zake akalifua lile koti kwa sabuni ya manukato, akalianika, akalipiga pasi na kulirudisha kwenye msumari wake pale mlangoni. Alasiri mgonjwa akaamka, akavaa, akaondoka. Angenusa nini na pua zile?

Baada ya kama saa nzima, mimi na mdogo wangu tumekaa, akaja mama anayechemsha maziwa ya wanyama kule kituoni. Alikuwa na mapumziko, amepita kumjulia hali mgonjwa. Mdogo wangu akajisifu kwamba mgonjwa kaenda kazini, tena leo amependeza, koti limefuliwa.

Yule mama akaketi bila kukaribishwa. "Umefanya nini, mwanangu? Dogo haoni! Anamjua mumeo kwa sauti na kwa harufu. Sauti leo hana, na harufu umeimwaga na povu. Koti lile halifuliwi!"

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungemwacha aende?"

Tukapiga simu. Ikaitikia chumbani, chini ya mto.

Sijui tulivyopanda pikipiki, wanawake watatu na dereva. Najua tu kwamba mdogo wangu alinishika kiunoni mpaka nikaumia, na sikumwambia alegeze. Getini mlinzi akatuzuia, "Muda wa wageni umekwisha."

"Sisi si wageni," nikamfokea, "sisi ni wafiwa!"

Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Mdogo wangu akanitazama. Mlinzi akafungua.

Tukapita mbio kati ya mabanda. Bundi aliyefungwa bawa akatugeuzia kichwa. Nyani mmoja asiye na kiganja akagonga wavu, nikapiga yowe. Mbele, kwenye uzio wa magogo, daktari wa wanyama alikuwa amesimama na kidole mdomoni. Akatunong'oneza, "Msitoe sauti. Dogo akisikia wageni, atampiga."

Shemeji alikuwa katikati ya uwanja. Kila jioni yeye ndiye humwongoza Dogo hadi banda la kulala. Leo Dogo alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta pumzi kwa nguvu na kukwangua ardhi. Hori la mbao lilikuwa limeshapasuliwa vipande vipande. Shemeji alijaribu kumwita, ukatoka mkwaruzo tu. Dogo akamrukia, pembe ikapita ubavuni na kuchana koti. Yallah! Niliuma ushungi wangu nisipige kelele. Kukimbia asingeweza, lango lilikuwa mbali.

Hapo mdogo wangu, huyu huyu wa kuku, akapanda magogo mpaka juu ambapo mumewe angemwona. Alishika upindo wa gauni lake, akausugua kwa ngumi mbili, mbele na nyuma, kama yuko kwenye beseni. Anafua. Machozi yanamtiririka, na anafua.

Shemeji akamtazama, akalitazama koti. Akalivua polepole, akalitupa kando. Dogo akalivamia, akalikanyaga na kulisigina kwenye kinyesi, halafu akageuka. Shemeji alibaki na fulana iliyolowa jasho. Dogo akaja hatua kwa hatua. Akanusa tumbo, akanusa kwapa. Akashusha pumzi ndefu, akaegemeza lile lichwa lake kifuani pa shemeji, akatulia.

Shemeji alipotoka, daktari alimwuliza imekuwaje Dogo amtambue bila koti, na koti ndilo lilikuwa kitambulisho.

"Koti nilikuwa nafuta nalo jasho," akajibu kwa sauti yake ya mkwaruzo. "Namwogopa tangu alipoanza kuota pembe. Sijawahi kuingia mle mkavu. Jasho la woga ndilo analolijua."

Mdogo wangu akamshika fulana kwa mikono miwili. "Miaka yote unaniambia ni kama ng'ombe tu!"

"Na ng'ombe pia nawaogopa."

Mdogo wangu akaanza kucheka, akashindwa kuacha, mpaka kicheko kikageuka kilio. Nami nikaona haya.

"Sasa si uache?" nikamwuliza shemeji.

Kwa mara ya kwanza alinijibu papo hapo. "Nikiacha, shemeji, nani atamwonyesha pa kulala?"

Koti lilishonwa palipochanika, halikufuliwa. Kesho yake alasiri shemeji alilitoa msumarini, akataka kutoka nje akalivae huko kama kawaida. Mdogo wangu akamzibia mlango na kumgeuza. Mikono ya shemeji ilikuwa ikitetemeka, kifungo hakiingii. Akamfungia vyote yeye mwenyewe, kuanzia chini hadi shingoni, kisha akampisha apite.